Mwongozo Kamili wa Kuchagua Treni ya Mwendo Kasi Kutoka Guangzhou Kwenda Shenzhen na Yiwu

Wafanyabiashara wa Kamukunji, Eastleigh na Luthuli wanaokwenda China kuchukua mali hukwama mahali pale pale kila msimu. Tiketi imelipiwa na pesa imetoka, lakini treni inaondokea stesheni nyingine, au ni treni ya polepole itakayofika usiku wa manane, au kile kilichonunuliwa si kiti bali ni ruhusa ya kusimama njia nzima.

Chanzo chake karibu kila mara ni kimoja: mtu huanza kwa kuchagua daraja la kiti, kwa kuwa ndilo lenye bei mbele ya macho yake, ilhali kiti ndicho kitu cha mwisho kuamuliwa. Utaratibu unaofaa ni stesheni kwanza, kisha herufi ya treni, kisha kiti. Mwongozo huu unafuata utaratibu huo kwa safari mbili ambazo watu wetu huzifanya zaidi, yaani Guangzhou kwenda Shenzhen kwa vifaa vya umeme na simu, na Guangzhou kwenda Yiwu kwa bidhaa ndogondogo.

## Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Pasipoti ile ile utakayosafiria. Kama umebadilisha pasipoti karibuni, nambari ya zamani iliyobaki kwenye simu yako haina kazi tena.
- Viza inayoonyesha wazi unaruhusiwa kuingia China mara ngapi. Sababu yake utaiona katika hatua ya kwanza.
- Programu ya 12306, ambayo ndiyo ya shirika la reli la China lenyewe na ina ukurasa wa Kiingereza, au programu ya Trip.com, ambayo huongeza ada yake juu ya nauli.
- Programu ya malipo ya Alipay au WeChat iliyounganishwa na kadi yako ya Visa au Mastercard. Ijaribu mapema kwa malipo madogo, kwa sababu benki nyingine huzuia malipo ya kwanza kutoka China hadi uwapigie simu.
- Anwani ya hoteli na ya soko kwa maandishi ya Kichina, ikiwa picha ndani ya simu. Dereva wa teksi hatakuwa na haja na matamshi yako.

Kujisajili 12306 kwa pasipoti hupitia uhakiki ambao unaweza kuchukua siku kadhaa. Fanya kazi hiyo ukiwa bado Nairobi, si ukiwa umeketi hotelini Xiaobei, mtaa wa Guangzhou, usiku wa kuamkia safari.

## Hatua ya 1: Amua stesheni

Guangzhou ina stesheni kadhaa za reli. Jina "Guangzhou" peke yake kwenye tiketi halimaanishi mji mzima, bali stesheni moja tu, ile ya zamani iliyo karibu na Sanyuanli na masoko ya nguo. Treni nyingi za mwendo kasi za masafa marefu huondokea Guangzhounan, iliyoko wilaya ya Panyu, nje ya katikati ya mji kama Syokimau ilivyo kwa mtu aliyesimama Tom Mboya. Kuna pia Guangzhoudong upande wa mashariki, na Guangzhou Baiyun, iliyofunguliwa Desemba 2023 na kuchukua baadhi ya treni zilizokuwa zikitumia stesheni nyingine. Kwa hiyo maelekezo uliyopewa na mwenzako aliyesafiri miaka mitano iliyopita huenda yakakupeleka mahali pasipo na treni yako.

Vipande vinne mwishoni mwa jina la stesheni vitakuokoa: bei ni kaskazini, nan ni kusini, dong ni mashariki, xi ni magharibi. Ukiona Shenzhenbei, ni Shenzhen ya kaskazini, na si stesheni moja na Shenzhen tupu.

Kwa anayekwenda Shenzhen, swali ni unaenda sehemu gani ya mji. Wa simu na vipuri wanaelekea Huaqiangbei, soko la vifaa vya umeme la Shenzhen, na stesheni iliyo karibu nayo zaidi ni Futian, ambayo iko chini ya ardhi katikati ya mji. Ukishuka hapo, vituo vichache vya metro vinakufikisha sokoni. Treni za Guangzhounan kwenda Futian si nyingi kama za Shenzhenbei, hivyo ukikosa saa inayokufaa chukua Shenzhenbei na umalizie kwa metro. Anayelala upande wa mashariki wa Guangzhou anaweza kupandia Guangzhoudong na kushukia Shenzhen, stesheni iliyo Luohu karibu na mpaka wa Hong Kong. Njia hiyo huchukua muda mrefu kidogo ndani ya treni, lakini humwondolea mtu safari ya kwenda Panyu, na mara nyingi hesabu ya jumla huwa ile ile.

Kwa anayekwenda Yiwu, stesheni ya kushukia ni Yiwu yenyewe na haina utata. Utata uko kwenye soko. Soko kuu la Yiwu liko eneo linaloitwa Futian, na maandishi yake ya Kichina ni yale yale ya stesheni ya Futian ya Shenzhen. Ukimwambia wakala kwa ujumbe mfupi "nikatie tiketi ya Futian" ukiwa na maana ya soko la Yiwu, atakukatia ya Shenzhen, na hatakuwa amekosea.

Onyo. Treni nyingi za kusini huendelea hadi Hong Kong West Kowloon. Kuingia Hong Kong ni kutoka China kwa hesabu za uhamiaji. Mwenye viza ya kuingia mara moja akivuka huko kwa matembezi ya jioni, viza yake imekwisha, na mali iliyobaki kiwandani Guangzhou itabidi isimamiwe na mtu mwingine.

Umefaulu hatua hii ukiweza kuandika majina mawili kamili, la stesheni ya kuondokea na la kushukia, bila kubahatisha mwisho wa jina lolote.

## Hatua ya 2: Soma herufi iliyo mbele ya nambari ya treni

Kila treni ina nambari inayoanza na herufi, na herufi hiyo ndiyo inayokueleza mwendo, bei na hata aina ya behewa. Ni herufi chache tu zinazokuhusu.

G ndizo za kasi zaidi, zinazokwenda kilomita 300 hadi 350 kwa saa kwenye njia kuu. Treni yetu ya SGR ya Nairobi hadi Mombasa hufikia 120, kwa hiyo usipime umbali wa China kwa saa ulizozizoea. Guangzhounan hadi Shenzhenbei ni kama kilomita mia moja na huchukua nusu saa hivi au zaidi kidogo. Guangzhounan hadi Yiwu huchukua takriban saa saba.

D ni za kasi pia, lakini kwa kawaida hukaa kati ya kilomita 200 na 250 kwa saa, na nauli yake ni nafuu kwa umbali ule ule. Baadhi ya treni za D husafiri usiku zikiwa na vitanda, kwa mfano kati ya Guangzhou na Shanghai, ingawa huenda zisiwepo kila siku ya juma.

C ni za masafa mafupi kati ya miji jirani. Guangzhoudong kwenda Shenzhen ni mfano wake.

Z, T na K si za mwendo kasi. K hufikia kilomita 120 kwa saa na husimama mara nyingi. Nauli yake ni ya chini sana, na hapo ndipo wengi hunaswa, kwa sababu programu ikipangwa kuanzia bei ndogo huziweka juu kabisa. Mtu huona Yiwu kwa nauli nusu, analipa, kisha anagundua kwamba ameinunua safari ya usiku kucha kwenye kiti kisichoinamishwa nyuma. Kitanda kwenye treni hizo si kibaya, nacho hukuokoa gharama ya hoteli ya usiku mmoja. Kiti kigumu kwa saa kumi na zaidi sikishauri kwa mtu yeyote anayetarajia kujadili bei na mwenye kiwanda asubuhi yake.

Jambo moja husahauliwa hata na wenyeji: G mbili za asubuhi moja zinaweza kupishana kwa zaidi ya saa nzima, kwa kuwa moja husimama stesheni chache na nyingine husimama karibu kila mji. Usiangalie saa ya kuondoka peke yake. Angalia muda wote wa safari, ambao programu huuonyesha katikati ya saa mbili. Nauli nazo siku hizi hutofautiana kati ya G na G, na ile ya polepole wakati mwingine huwa na punguzo zuri.

Na usitumie treni yoyote kati ya hizi kwenda Foshan kwa ajili ya fanicha na vigae. Metro ya Guangzhou inaungana na ya Foshan, nayo haihitaji tiketi ya pasipoti wala kufika saa moja kabla.

## Hatua ya 3: Sasa chagua kiti

Treni za G na D za mchana kwa kawaida zina madaraja matatu.

Daraja la pili lina viti vitano kwa mstari, vitatu upande mmoja na viwili upande wa pili, mpangilio ambao abiria wa daraja la kawaida la SGR anaujua vizuri. Tofauti ni kwamba huku viti vinaangalia mbele, hukutani na magoti ya mtu usiyemjua. Daraja la kwanza lina viti vinne kwa mstari na nafasi zaidi ya miguu, na nauli yake ni karibu mara moja na nusu ya daraja la pili. Daraja la biashara lina viti vinavyolazwa kuwa kitanda, kwa takriban mara tatu ya nauli ya daraja la pili.

Kwa Shenzhen sioni sababu ya kuacha daraja la pili. Nauli ni kama yuan 75, ambayo ukihesabu yuan moja kwa shilingi 18 inakuwa Sh1,350, na safari inakwisha kabla hujamaliza kupanga risiti zako. Kwa Yiwu mambo hubadilika. Anayeshuka kwenye ndege ya Nairobi na kuunganisha siku ile ile, au mwenye mgongo unaomsumbua, atapata faida ya kweli katika daraja la kwanza. Kijana mwenye mtaji mdogo na abaki daraja la pili na fedha iliyobaki aiongeze kwenye sampuli. Daraja la biashara ni zuri, lakini sijaona mzigo wa vikombe vya plastiki ambao faida yake inaweza kulilipia.

Herufi za viti zina mpangilio usiobadilika, na E haimo. Katika daraja la pili, A na F ziko dirishani, C na D ziko kwenye njia ya kupita, na B iko katikati ya watatu. Ukisafiri peke yako omba F au D, kwa kuwa upande huo hauna kiti cha katikati. Mkiwa wawili chukueni D na F, na mkiwa watatu chukueni A, B na C ili mtu wa kati awe wenu. Programu ya 12306 hukuruhusu kuchagua herufi kabla ya kulipa, ilimradi nafasi ipo.

Onyo. Viti vikiisha, mfumo huendelea kuuza tiketi zisizo na kiti kwa bei ile ile ya daraja la pili. Kabla ya kulipa hakikisha unaona nambari ya behewa na ya kiti, kwa mfano behewa la 05, kiti 12F. Nusu saa ya kwenda Shenzhen inavumilika ukiwa umesimama. Saa saba za Yiwu hazivumiliki.

## Hatua ya 4: Nunua kwa tarehe inayowezekana

Tiketi hufunguliwa takriban siku 15 kabla ya safari. Wengi wetu tunasafiri wakati wa maonyesho ya Canton (Canton Fair), maonyesho makubwa ya biashara ya Guangzhou, ambayo hufanyika mara mbili kwa mwaka kwa awamu tatu. Awamu ya tatu ya msimu wa kwanza, yenye nguo na vitu vya kuchezea, huwa tarehe 1 hadi 5 Mei, siku zile zile ambazo China nzima iko kwenye mapumziko ya Sikukuu ya Wafanyakazi. Anayetaka kutoka kwenye maonyesho na kukimbilia Yiwu siku hizo anashindana na mamilioni ya watu wanaokwenda kwao. Wiki ya kwanza ya Oktoba na majuma yanayozunguka mwaka mpya wa Kichina ni vivyo hivyo. Ama nunua siku tiketi zinapofunguliwa, ama sogeza safari kwa siku mbili au tatu.

Jina liandikwe kama lilivyo kwenye pasipoti, jina la ukoo mahali pake na majina mengine mahali pake. Mawakala wa Guangzhou wanaotukatia tiketi kwa WeChat hutufahamu kwa majina ya dukani, na tiketi iliyoandikwa kwa jina la duka haimpandishi mtu. Mtumie picha ya ukurasa wa pasipoti, kisha umwombe akutumie picha ya tiketi ili ulinganishe nambari tarakimu kwa tarakimu.

Saa ya tiketi nayo isomwe kwa makini. Imeandikwa kwa mtindo wa saa 24 na kwa saa za China, zilizo mbele ya Nairobi kwa saa tano. Treni ya 08:00 huondoka saa mbili asubuhi ya China kwa hesabu yetu ya Kiswahili. Ukimwandikia wakala asiyejua Kiswahili "2 asubuhi", au ukimpigia mwenzako wa Nairobi simu ukampa saa bila kusema ni saa za wapi, umejitafutia taabu mwenyewe. Andika tarakimu za tiketi jinsi zilivyo.

Umefaulu ukiwa na uthibitisho wenye nambari ya treni, stesheni mbili, behewa, kiti, jina na nambari ya pasipoti. Karatasi haihitajiki, pasipoti yenyewe ndiyo tiketi.

## Hatua ya 5: Pima mzigo

Kanuni ya reli humruhusu mtu mzima kilo 20, na kwenye treni za mwendo kasi jumla ya urefu, upana na kimo cha begi isizidi sentimita 130. Kilo hazipimwi kila mara, lakini yale mabegi makubwa ya milia tunayoyapenda hayana pa kuwekwa. Sehemu ya juu ya viti ni nyembamba, na nafasi ya mwisho wa behewa hujazwa na waliopanda mapema. Sampuli nzito zitumwe kwa kampuni za usafirishaji wa vifurushi hadi kwenye godauni la wakala wako wa konteina.

Ukaguzi wa stesheni hunyang'anya visu vya jikoni hata vikiwa vipya ndani ya boksi, na dawa za kupuliza za makopo zina kikomo kidogo. Kama biashara yako ni vyombo vya jikoni, usibebe sampuli za visu mkononi.

## Hatua ya 6: Siku ya safari

Kutoka Xiaobei panda metro ya laini ya 5, kituo kimoja hadi stesheni ya zamani, kisha ubadilishe kwenda laini ya 2 hadi Guangzhounan. Jipe saa moja kwa njia, na saa nyingine moja ndani ya stesheni. Ukumbi wa kusubiri uko ghorofa ya juu, na majukwaa ya treni yako chini yake. Mashine nyingi za langoni zimetengenezewa vitambulisho vya Wachina. Ikikataa pasipoti yako usibishane nayo, nenda pembeni kwenye njia yenye mhudumu.

Ubao mkubwa utakuonyesha lango kwa nambari ya treni yako, mfano A12 au B12. Herufi ni upande wa ukumbi, na pande hizo mbili haziko karibu kwa mtu anayeburuta begi. Lango hufunguliwa takriban dakika 15 kabla ya treni kuondoka, na hufungwa dakika chache kabla ya saa yenyewe. Treni haisubiri mtu, hata awe anaonekana anakimbia.

Kwenye jukwaa, sakafu ina alama za nambari za mabehewa. Simama kwenye yako. Hili lina uzito zaidi ya linavyoonekana, kwa sababu treni nyingi ni mbili za mabehewa manane zilizounganishwa, na ndani hakuna njia ya kutoka moja kwenda nyingine. Ukiingia behewa la 8 ilhali kiti chako kiko la 9, utasubiri hadi stesheni inayofuata ushuke mbio na kupanda tena.

Ndani kuna maji ya moto mwisho wa behewa na soketi karibu na viti. Chakula kinauzwa, lakini asiyekula nguruwe abebe chake.

Kwa Yiwu, simama mlangoni na mzigo wako dakika kumi kabla ya kufika. Treni nyingi husimama hapo dakika mbili tu kabla ya kuendelea kuelekea Hangzhou na Shanghai.

## Mipango ikibadilika

Ukirudisha tiketi siku nane au zaidi kabla ya safari, hukatwi kitu. Baada ya hapo unakatwa asilimia 5, ikibaki chini ya saa 48 unakatwa asilimia 10, na ikibaki chini ya saa 24 unakatwa asilimia 20. Kubadilisha treni kunaruhusiwa mara moja tu kwa kila tiketi, kwa hiyo usiitumie nafasi hiyo kabla mwenye kiwanda hajathibitisha saa ya kukutana.

Treni ikikuacha, fedha hairudi tena, lakini tiketi haijafa. Nenda moja kwa moja kwenye dirisha la mabadiliko hapo hapo stesheni ukiwa na pasipoti, uombe treni nyingine ya siku ile ile yenye nafasi. Usiku wa manane ukishapita, haki hiyo nayo imekwisha.